Siku Bahari Iliposimama

Nilikuwa eda, mwezi wa tatu. Miezi minne na siku kumi ni mingi kwa mtu aliyezoea kushuka kwenye mwani kila bamvua, maji yanapotoka mbali, lakini sikulalamika, kwa sababu sikuwa na hamu ya kwenda popote. Mume wangu aliugua wiki mbili tu. Tulimzika nyuma ya msikiti hapa hapa Songo Mnara, na mimi nikaingia ndani.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kukaa nami nisiwe peke yangu. Yeye ni mtu wa maneno mengi. Mimi tangu zamani ni wa maneno machache, na baada ya msiba nilikuwa naweza kumaliza siku nzima kwa kusema "ndiyo" na "nimeshiba". Shamba langu la mwani lilishikwa na binti yangu. Ni mtoto wangu pekee aliye hai.

Mashamba yetu yako mbali na ufukwe, mahali ambapo maji yakipwa yanabaki ya magotini. Tunachimbia vigingi mchangani, tunafunga kamba kati yake, na mwani unaota juu ya kamba. Kazi yote ni ya kuinama. Simu tunaziacha nyumbani zisilowe. Saa tunaijua kwa jua, na kukiwa na wingu tunaijua kwa adhana: ukisikia adhuhuri inaadhiniwa nawe bado uko shambani, jua umechelewa, maji yameshaanza kurudi, na utarudi nayo kifuani.

Asubuhi hiyo masika yalikuwa ndiyo yanaanza. Upepo haukuwepo kabisa. Binti yangu alikuwa ametoka na wenzake wanne. Nilikuwa nimekaa kitandani, wifi anachambua mchele karibu na dirisha, ikawa kama saa nne na nusu hivi.

"Wifi," akasema, "njoo uone. Hili wingu limeota mguu."

"Niko eda."

"Nimekuambia uje dirishani, sijakutuma sokoni."

Nikaenda. Wingu lilikuwa jeusi, chini yake limelala sawasawa kama dari. Kutoka kwenye dari hilo kilining'inia kitu kama kifumbu cha kukamulia nazi, kinene juu, chembamba chini. Hakikuwa kimefika kwenye maji. Lakini chini yake, baharini, maji yalikuwa yanachemka, duara moja tu, na pembeni mwa duara bahari imetulia kama maji ya kwenye beseni. Nilikuwa bado najiuliza ni nini, vile viwili vikakutana. Bahari ikasimama.

Vumbi linalozunguka uwanjani nalijua, kila mtoto hapa amewahi kulikimbilia. Hili sikuwahi kuliona, nimesikia tu wazee wakisema ni joka linashuka kunywa maji. Lilikuwa linatembea. Halikuwa na haraka, lilikuwa linakuja kama mtu anayechagua pa kukanyaga, na lilikuwa linaelekea kwenye mashamba ya mwani. Wale wanawake watano niliwaona, vidoa vitano, wote wameinama, wote wameligeuzia mgongo.

Nikatoka. Wifi alinishika kanga.

"Eda, wifi yangu. Eda."

"Niachie."

"Watu watasema nini?"

Nikaiacha kanga mikononi mwake, nikaenda na nguo niliyovaa, miguu mitupu, hadi ukingo wa mchanga. Nikaita jina la mwanangu. Sauti yangu ilikuwa haijatumika muda mrefu, ikaishia hapo hapo miguuni. Nikaita tena. Hakuna aliyeinua kichwa.

Wifi alikuwa amenifuata kunirudisha. Alipoona ninachokiona, aliacha kunivuta, akashika njia ya msikitini. Mwadhini alikuwa amekaa kwenye baraza ya msikiti anashona kandambili yake. Kwa maelezo ya wifi, hakuuliza kitu. Alitazama baharini mara moja tu, akaenda kwenye kipaza sauti akaadhini. Kwetu ndivyo wazee walivyofanya kila lilipokuja jambo lililowazidi. Si kuita watu kuswali, ni kumtaja Mungu mbele ya kitu kile.

Hapa ndipo penye jambo nililotaka kuliandika. Adhana ilipoanza ilinipasa kuomba dua. Nilikuwa na mtoto mmoja, na kitu kile kilikuwa kinamfuata. Lakini mimi niliangalia. Joka lile lilikuwa la rangi ya sufuria mpya, na lilikuwa na mwanga ndani yake. Niliweza kuona mikoko ya ng'ambo kupitia katikati yake, imepinda kama unavyoona kitu kupitia chupa. Maji yalikuwa yanapanda yakijisokota. Nilisikia mvumo kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili. Likajipinda, likanyooka tena. Nikawaza kwamba aliyeweza kuisimamisha bahari vile hashindwi na lolote, na sikuogopa. Kwa muda huo sikumkumbuka mwanangu. Sikumkumbuka hata baba yake, na tangu tumzike haikuwa imepita saa moja bila kumkumbuka. Sijui ulikuwa muda gani. Adhana ilikuwa haijaisha.

Kisha nikaona vidoa vinanyooka. Walijitwisha magunia wakaanza kurudi. Hawakukimbia. Walikuwa wanatembea kwa kuburuza miguu majini, kama watu wenye mazungumzo, na hakuna aliyetazama nyuma. Walipokanyaga mchanga mkavu, lile jambo lilikuwa linapita juu ya vigingi.

Binti yangu aliniona, akasimama.

"Mama. Umetoka." Kisha sauti ikamshuka. "Kafa nani tena?"

"Hakufa mtu."

Mwenzake mmoja, mama mnene anayependa ugomvi, akatua gunia. "Huyo mwadhini wenu leo kaamshwa na njaa? Adhuhuri gani hii? Gunia halijafika hata nusu, tumekata kazi tukadhani maji yanatukuta."

Nikamshika binti yangu mabega nikamgeuza. Wote wakageuka. Waliona mwisho wa lile jambo tu: lilikonda likawa kama uzi, likakatika katikati, na maji yote yaliyokuwa juu yakaanguka. Bahari ikalala. Vigingi havikuwepo. Baada ya muda kidogo ikanyesha mvua nzito, na pamoja nayo mwani ukaanguka juu ya mabati ya nyumba zetu.

Mwalimu wa madrasa alisema nilitoka kwa dharura, hakuna kilichoharibika, niendelee kuhesabu siku zangu. Wifi alikisimulia kijiji kizima jinsi nilivyotoka mbio kumlilia mwanangu. Sikumkatiza.

Ila jioni ile, binti yangu alipoleta uji, alikaa chini karibu nami. "Shangazi anasema ulikuwa unaniita mpaka sauti imekauka."

"Nilikuita mara mbili," nikamwambia. "Baadaye nilikuwa naliangalia lile. Nilikusahau."

Alikoroga uji, akaukoroga tena. Nilidhani atanyanyuka aende.

"Mimi nimeona mkia tu," akasema. "Lilikuwaje?"

Mtu ambaye ningemsimulia alikuwa nyuma ya msikiti. Nikamsimulia yeye. Nilianza na kifumbu, nikaja kwenye rangi, kwenye mikoko iliyopinda, na yeye akawa anauliza, na mimi najibu, mpaka uji ukaganda. Wifi alichungulia mlangoni mara mbili kuona ni nani aliyekuwa anaongea na mwanangu muda wote huo.