Dakika Kumi na Tisa za Ruiru

Dakika kumi na tisa zilinigharimu goti la kushoto, nafasi ya timu yetu kwenye ligi, na heshima ya mama aliyekuwa akitufulia jezi. Nimepiga hesabu mara mbili, mwanangu, na bei haishuki hata nikibembeleza.

Nakuandikia kwa sababu juzi umestaafu timu ya taifa, na jana nimesikia umekabidhiwa timu ya Ruiru uisimamie. Hongera. Nisikilize kabla watu hawajaanza kukusifu, maana wakishaanza hutasikia kitu kingine.

Mimi pia nilivaa jezi ya nchi. Nilipoivua nilikuwa na miaka thelathini na saba. Nikarudi nyumbani Thika, na wazee wa mtaa wa Landless wakanipa timu yao. Kocha ni mimi, meneja ni mimi. Fomu za usajili nilijaza mimi, na pale chini, baada ya majina ya vijana wote, nikaandika langu kama mchezaji. Namba kumi na sita. Eti kwa dharura.

Nakumbuka mechi ya mwisho ya msimu, ugenini Ruiru. Tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Dakika ya sabini ilitukuta bao moja kwa moja, vijana wametulia. Nilikuwa nimeshabadilisha wachezaji wawili, na siku hizo mwisho ulikuwa watatu.

Hapo ndipo mashabiki wa Ruiru waliponiona. "Chuma! Chuma!" Hilo lilikuwa jina langu la uwanjani. Muuza njugu mmoja akapanda juu ya kreti ya soda: "Chuma, si uingie tuone! Ama siku hizi umeshika kutu?" Uwanja mzima ukacheka.

Sasa angalia vizuri ni nani aliyekuwa akiniita. Mashabiki wa wapinzani! Mtu anataka ushindwe, anakuomba uingie, nawe unadhani anakupenda. Pale sokoni Githurai 45 hakuna aliyewahi kuniuzia hata kitunguu kimoja kibovu, lakini siku hiyo nilinunua sifa bila kuuliza bei.

Nikavua jaketi. Nikamtoa Kariuki, kijana wa Ngoliba aliyekuwa na mbio kuliko wote.

"Lakini kocha, mimi sijachoka bana," akasema.

"Pumzika," nikamwambia, kana kwamba namfanyia hisani.

Nilipogusa mpira mara ya kwanza, watu walishangilia. Mara ya pili goti likalia kama mlango wa stoo. Nilikuwa tayari nachechemea wakati kipa wetu, Mutua, alipoanguka vibaya na bega likateguka. Nikageukia benchi kumwita kipa wa akiba. Mwamuzi akaninyooshea vidole vitatu. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Wa tatu alikuwa mimi.

Njoroge akavaa glavu. Ndiye aliyekuwa mfupi kuliko wote, na ndiye peke yake aliyekubali. Dakika ya themanini na nane ulikuja mpira wa juu, hata nguvu haukuwa nayo. Akaruka mpaka mwisho wa urefu wake, ukampita juu ya vidole. Mbili moja. Tukashuka.

Jioni, kule Landless, Mama Wairimu alimwaga jezi chini. Huyu mama alikuwa rika la mama yangu, na hakuwahi kufua jezi bila kuzihesabu.

"Chafu ni kumi na nne," akasema. "Nitafua kumi na tatu."

"Na hiyo moja, Mama?"

"Haiya! Hii kumi na sita ni ya mchezaji? Wewe ulichezea nchi, na mimi nilikupigia makofi kama wengine. Lakini leo hawa watoto walikuwa kazini, wewe ulikuwa unaenda kuonekana. Beseni ndio hiyo."

Nilifua. Matope ya Ruiru ni mekundu na hayatoki haraka, kwa hivyo nilipata muda wa kutosha wa kufikiri. Kesho yake nilienda Ngoliba kumwomba Kariuki msamaha mbele ya baba yake. Kisha nikalifuta jina langu kwenye fomu. Msimu uliofuata, kila Jumatatu nilifua na Mama Wairimu jezi zote, kila Alhamisi nikamfundisha Njoroge kudaka, na nafasi ya tatu ya kubadilisha sikuigusa mpaka mwishoni kabisa. Ilituchukua misimu miwili kurudi. Siku tuliyorudi Kariuki alifunga, nami nilikuwa kando ya uwanja, zipu ya jaketi nimeifunga mpaka kidevuni.

Basi mwanangu, zamu yako ya kushangiliwa imekwisha, na hilo si msiba. Jina lako lisionekane kwenye fomu ya wachezaji, hata kwa dharura. Wakikuita kutoka upande ule mwingine, geuka uangalie benchi lako, uhesabu nani amebaki, halafu uhesabu tena. Mungu akupe vijana wenye mbio, kipa mwenye mabega imara, na mama wa kufua jezi asiyekuogopa.

Na sasa unilipe. Jumapili ijayo wachezaji wa zamani wa Thika wanacheza na wenzao wa Ruiru, nami nimealikwa kukaa tu na kutazama. Wataniita, nawajua. Ukiniona nimeshika zipu, njoo unishike mkono.