Bubu wa Zaberezhe

Kabla ya vita, hapakuwa na harusi Zaberezhe iliyopita bila mdomo wa Onufriy Senkiv. Alikuwa mkulima kama wakulima wengine, mwenye shamba la viazi lisilomtosha na ng'ombe mmoja wa madoa, lakini alijua kusema. Bibi harusi akitoka kwao, Onufriy ndiye aliyemsemea. Bwana harusi akilewa kabla ya wakati, Onufriy ndiye aliyemfunika aibu kwa mzaha. Na mtu akifa, yeye ndiye aliyesimama penye kichwa cha jeneza na kuaga kwa niaba ya marehemu.

Kwetu maiti haondoki kimya. Msemaji hunena kana kwamba yeye ndiye aliyelala pale: huwataja mke, watoto na majirani, mmoja mmoja kwa jina, na kuwaomba radhi kwa kila alilowakosea. Nao hujibu, "Mungu akusamehe." Asiyeagiwa hivyo hukaa mlangoni, haingii wala hatoki.

"Mama Semko," wanawake walimtania mkewe Tekla kisimani, "huyo mume wako akilala, mdomo anaufunga?"

"Aufunge! Hata ndoto anaziota kwa sauti. Mimi nimeolewa na kengele."

Agosti 1914, Semko, mtoto wao wa pekee, alichukuliwa kwenda kumpigania Kaizari wa Vienna, aliyetutawala. Mwezi uliofuata, jeshi la Kaizari huyohuyo lilirudi mbio kutoka mashariki, limechapwa na Warusi, likitafuta wa kulaumiwa. Majenerali hawakuweza kujilaumu wao, basi wakatuona sisi. Wakasema wakulima wote ni wapelelezi. Moshi wa jikoni ni ishara kwa adui. Shuka nyeupe kambani ni ishara. Ng'ombe akipelekwa malishoni kabla ya jua kupanda, hiyo nayo ni ishara.

Baya zaidi lilikuwa jina letu. Tangu enzi za mababu, ukituuliza sisi ni nani tunajibu: Ruski. Ni jina la lugha yetu na la kanisa letu. Mfalme wa Warusi hatujapata kula chumvi yake. Lakini sikio la ofisa wa kutoka Vienna lilisikia "Mrusi", na kamba ilikuwa karibu. Prokip, mwenye kinu cha kusaga, aliulizwa yeye ni nani, akajibu ukweli kama mtu mzima anavyojibu. Walimtundika kwenye boriti ya kinu chake. Padri na mwimbaji wa kanisa walifungwa minyororo wakapelekwa kambini, mbali huko Austria. Hiyo ndiyo dola iliyokuwa ikituambia kwamba imetuletea ustaarabu: ilitutawala miaka mia na arobaini na isijue tunaitwaje.

Siku ya tatu baada ya kufa Prokip, Kapteni von Hartlieb aliingia uani kwa Onufriy. Alikuwa na sajenti wake, Vondra, Mcheki mwenye masharubu mekundu, ambaye lugha ya kwao na yetu ni mtu na binamu yake. Ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Muulize yeye ni nani," alisema Kapteni.

Onufriy akafungua mdomo. Tekla, aliyekuwa amebeba ndoo ya maji, aliiachia ikaanguka kwa kishindo.

"Bubu huyo, bwana mkubwa! Bubu na kiziwi, tangu tumboni mwa mama yake!"

Vondra alimtazama Onufriy, akamtazama Tekla. "Na mdomo huu ulio wazi, mama?"

"Anapumulia, afande. Pua yake ni mbovu."

Kapteni hakucheka. Alimzunguka Onufriy taratibu, akachomoa bastola na kufyatua risasi hewani nyuma ya sikio lake. Kuku walitawanyika. Jirani yetu Hapka, ng'ambo ya ua, alianguka kwa magoti. Onufriy hakutikisika. Baadaye alimwambia mkewe kwamba jua lilikuwa mgongoni, akakiona kivuli cha mkono ukutani, na akahesabu mabibi harusi wote aliowahi kuwasemea ili moyo wake ushughulike.

"Vizuri," Kapteni akasema. "Nitakaa nyumba hii. Mwenye nyumba asiyesikia hana umbea."

Warusi walisogea, wakarudi nyuma, wakasogea tena, na mstari wa vita ukasimama milimani juu yetu. Kapteni alikaa kwa Onufriy majira yote ya baridi. Alilala kwenye kitanda chao, akala bata bukini wao mmoja baada ya mwingine mpaka bandani yakabaki manyoya. Onufriy alimpasulia kuni, akamsafishia viatu, na kila alipoitwa hakugeuka mpaka aguswe bega. Alihamia kulala zizini kwa ng'ombe, kwa maana Tekla aliogopa zile ndoto za sauti.

Humo zizini, asubuhi wakati wa kukamua, ndimo walimoongea.

"Baba Semko, na ukikohoa, ukohoe kibubu."

"Bubu hukohoaje?"

"Nitajuaje? Mimi si bubu."

"Hilo kijiji kizima kinalijua."

Alipobaki peke yake alimsimulia ng'ombe. Mtu aliyekula kwa ulimi wake miaka thelathini hawezi kuumeza ghafla. Alimweleza yule mnyama habari za Vienna, mji asiopata kuuona. Za maofisa wanaopakwa mafuta ya nywele huku askari wao wakiwa na chawa. Na za jenerali mmoja aliyepita kijijini mwezi Januari akiwa na kreti za mvinyo na bafu lake la shaba juu ya gari la farasi sita. Hilo la bafu hakulitunga. Sote tuliliona. Nyuma ya bafu walipita askari waliokuwa wakipelekwa milimani, na theluji ilikuwa ya magoti, na soli za viatu vyao zilikuwa za karatasi iliyoshindiliwa. Tajiri mmoja aliiuzia serikali viatu hivyo, na waziri mmoja akavipokea. Vilipolowa, vilifumuka kama mkate kwenye supu.

Vondra alivionyesha jikoni, akicheka cheko lisilo na furaha. "Tazama, mama. Mnamo mwaka wa mia nne wa utukufu wake, dola inatembea juu ya gazeti."

"Gazeti la lini, afande?"

"La zamani. Limeandikwa tunashinda."

Katikati ya Februari ilikuja orodha ya waliokufa. Kapteni alikuwa mezani, anakula. Aliipitia kwa kidole, kidole kikasimama, akamsukumia Vondra karatasi bila kuacha kutafuna. Onufriy alikuwa kwenye benchi karibu na jiko, akishona hatamu.

"Mama Tekla," Vondra akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kaa chini kwanza. Semko Senkiv, kikosi cha milimani. Hakupigwa na Warusi. Waliamriwa kushika njia ya mlimani siku tatu, usiku na mchana, bila moto. Kikosi kizima kimeganda."

Tekla alipiga ukunga. Onufriy alichoma sindano kwenye ngozi, akaivuta, akaichoma tena. Ilipenya kwenye kidole gumba chake na hakuitoa. Ilibidi mkewe aje mbele yake na kumweleza kwa mikono: akaonyesha kimo cha mtoto wao, akakumbatia mabega yake kama mwenye baridi, akafumba macho. Hapo ndipo baba aliruhusiwa kujua. Machozi hayana sauti, basi alilia.

Ilipofika siku ya matanga, majirani walijiandaa kuja, ingawa hapakuwa na maiti. Asubuhi, zizini, Tekla alimkuta mumewe amekaa juu ya kigoda cha kukamulia, ndoo tupu miguuni.

"Semko hana wa kumuagia," alisema Onufriy.

"Mungu anamjua."

"Mungu anamjua. Na Hapka? Na watu? Padri hayupo, mwimbaji hayupo. Nimewaagia walevi, nimewaagia wezi wa farasi, nimemuagia mpaka yule ajuza aliyenimwagia uji wa moto. Mwanangu akae mlangoni?"

"Ukifungua mdomo watakutundika leo hii hii. Nimeshapoteza mmoja, Onufriy."

"Najua."

"Subiri vita viishe. Utamuagia wakiondoka."

"Na wasipoondoka? Dola yao inakufa miaka mingi sasa, Mama Semko, na bado hawajaondoka."

Tekla aliweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe. Kisha akasema, "Basi vaa shati safi."

Mchana nyumba ilijaa. Palikuwa na ugali wa mahindi, kabichi chachu na uji mzito wa ngano uliotiwa asali, kama inavyopasa. Kapteni hakutoka, alikaa pembeni mwa meza yake na chupa, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na joto. Vondra alisimama mlangoni. Watu walikula wakiinamisha macho, kila mmoja akijua kinachokosekana na hakuna aliyekitaja.

Onufriy akasimama katika shati lake jeupe lililotariziwa. Akakohoa, wala si kibubu.

"Mimi, Semko mwana wa Onufriy," alisema, na sauti ilitoka na kutu, kisha ikafunguka, "naondoka katika nyumba hii, na naaga. Mama yangu, uliniambia nivae soksi mbili kila mguu, nami nikakucheka. Nisamehe."

"Mungu akusamehe," Tekla alijibu, na nyumba nzima ikajibu pamoja naye.

"Baba yangu, shoka ulilolitafuta kiangazi kizima nililiangusha mtoni. Nisamehe. Hapka jirani, matufaa yako hayakuliwa na nguruwe. Nisamehe."

"Mungu akusamehe, mwanangu! Nilijua," Hapka alilia, "nilijua tangu siku ile!"

Aliwataja wote. Alipofika mwisho alimgeukia Kapteni, naye Vondra akaacha mlango na kusogea, uso umempauka.

"Kwa Kaizari," alisema Onufriy, "nimetafuta kosa langu nisilione. Nilimpa miguu miwili, akaivika karatasi. Nilimpa mikono miwili, akaninyima moto. Yeye na majenerali wake wenye mabafu wanaogopa jina langu kuliko wanavyomwogopa adui. Mimi ni Ruski, na nimemfia mtu asiyejua maana yake. Kwake siombi radhi. Aje yeye aniombe mimi, na mimi nitafikiri."

Hakuna aliyemeza tonge.

"Anasema nini?" Kapteni aliuliza.

"Ni sala, Kapteni," Vondra akajibu upesi. "Sala za kijijini. Bubu amepata sauti kwa uchungu. Hutokea. Nimewahi kusoma."

Kapteni alijimiminia pombe. "Vondra, wewe ni mjinga, au unanifanya mimi mjinga? Mtu huyu si bubu. Tangu wiki ya pili nikienda chooni asubuhi namsikia akimhadithia ng'ombe."

Vondra alitufasiria maneno hayo, neno kwa neno.

Tekla akainuka. "Ulijua? Umejua tangu vuli?"

"Nilihitaji kuni," alisema Kapteni. "Bubu niliweza kumvumilia. Huyu amesema mbele ya watu arobaini. Sasa sina pa kumweka."

Nataka msomaji alipime neno hilo. Yule ofisa hakuamini kwamba Onufriy ni mpelelezi. Hakuamini hivyo hata siku moja, kama hakuamini kwa Prokip, wala kwa mamia wengine waliotundikwa kutoka kwetu hadi mpakani. Walitundika watu kwa sababu walikuwa wakishindwa, na kamba ndiyo amri pekee iliyokuwa bado ikitiiwa.

Walimpeleka mjini kwenye sleji ya mbao ya kuteleza juu ya theluji. Vondra alijifanya hakumwona Tekla akimvika mumewe soksi za sufu, mbili kila mguu. Mahakama ya kijeshi ilikaa dakika saba kwa watu sita. Alhamisi waliwanyonga wote uwanjani mbele ya posta, na amri ilikuwa wasiteremshwe kwa siku tatu.

Jumamosi alikuja Zaberezhe karani wa wilaya, mtu mnene wa kofia ya manyoya, akiwa na bahasha yenye muhuri. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa amejulishwa. Katika dola ile ofisi moja haikujua nyingine imemuua nani. Alimkuta Tekla uani akipasua kuni.

"Hongera na pole, shangazi," alisema, akivua glavu. "Ni nishani ya marehemu Semko, kwa ushujaa. Na barua ya shukrani, kwa jina la Kaizari mwenyewe. Imeandikwa kwa baba yake, Onufriy Senkiv. Lazima aipokee mwenyewe kwa mkono wake. Nitampata wapi?"

Tekla alilikita shoka kwenye gogo.

"Mjini," alisema. "Mbele ya posta. Nenda leo, kesho watamteremsha."