Neno la Kukazia

Darasa letu la saba lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na nafasi za sekondari nchi nzima zilikuwa chache mno. Tandika yote ilijua hivyo. Shule ikitoa wawili watatu, mtaa unasema walimu wake wanafundisha. Isipotoa hata mmoja, walimu wanapita njia za uani. Kwa hiyo mwaka ule wa mwisho sie hatukufundishwa, tulikaangwa. Hesabu kabla ya kengele, maarifa baada ya kumwagilia bustani ya mchicha, na katikati yake Kiingereza, ambacho mwalimu wetu alikiogopa kwa niaba yetu.

Mwalimu huyo alikuwa kijana wa bara, mrefu, na suruali yake ya kijivu ilipigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, maana kila ninayemsimulia hukimbilia kumtukana. Alituambia kwamba hapa tumesoma kila kitu kwa Kiswahili, haya, raha mustarehe. Huko mbele jiografia ni Kiingereza, historia ni Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni ni Kiingereza. Yeye alikaa kidato cha kwanza muhula mzima hajainua mkono, wenzake wakamdhania bubu. "Sitaki mkaaibike kama mimi," alisema. Basi akatuletea aibu mapema ili tuizoee.

Aibu yenyewe ilikuwa kibao cha kuvaa shingoni. Kuanzia mapumziko mpaka kufunga, marufuku Kiswahili. Atakayeteleza anavishwa, naye anakaa nacho mpaka amnase mwingine. Atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia anakwenda nacho nyumbani, kikiwa shingoni, na kesho anakuja nacho na kufagia darasa peke yake. Kibao cha kwanza kilikuwa cha boksi, tukakitumbukiza chooni. Cha pili kadhalika. Cha tatu mwalimu akaona apate cha mbao ngumu, cha kudumu, na darasani alikuwamo binti wa mchonga vinyago. Binti huyo ndiye mie.

Baba alitoka kusini na patasi zake kabla sijazaliwa. Alichonga mpingo uani kwetu, na hapo ndipo mwalimu alipomfuata, akamwomba kibao kama mchango wa mzazi kwa shule. Akamwandikia maneno kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ayafuatishe. Maneno ya Kiingereza, mistari miwili. Maana yake ilikuwa hii: MIMI NI MJINGA. NASEMA KISWAHILI. Baba hakuuliza maana. Alidhani ni maneno ya shule, na maneno ya shule kwake yote yalikuwa mazuri.

Lazima mjue baba na herufi walivyokuwa. Miaka ile kila jioni watu wazima walikwenda ngumbaru, kisomo chao, kwenye madarasa yale yale tuliyotoka sisi mchana. Baba alikuwa hakosi. Alikaa na magoti yake kwenye dawati la mtoto wa la kwanza, akasoma ba, be, bi, na akirudi alinifanya nimsikilize. Redioni walisema kila siku kwamba ujinga ni adui wa taifa, na yeye alichukia neno hilo kuliko tusi la nguoni, maana karani mmoja aliwahi kumsogezea kidau cha wino apige dole gumba, akamgeukia mwenzake na kusema, "Hawa wajinga wanatuchelewesha." Baba alilisikia. Ndiyo sababu alianza kusoma, na aliniwekea ahadi: nikichaguliwa kwenda sekondari, barua zangu atazisoma yeye, kwa macho yake, hatamwita mtu.

Alichonga kile kibao kwenye mninga, siku ambazo angeweza kuchonga cha kuuza. Ukingoni akazungushia nakshi za majani. Herufi zilisimama vizuri kushinda za mwalimu mwenyewe. Mwalimu alipokiona alisema ahsante, na nadhani alitaka kusema jingine akashindwa.

Mie nilijihadhari. Nikawa nasema Kiingereza cha kuokoteza, au nanyamaza kabisa. Lakini wenzangu walikuwa wameshajua dawa: mtu akikanyagwa kidole halii kwa Kiingereza. Siku moja, mapumziko, msichana tuliyekaa naye dawati moja akanidondoshea tandu mfu mapajani. "Mama yangu wee!" Basi, nikavishwa. Mchana kutwa sikumnasa mtu, kila mtu alinikimbia, na kengele ya mwisho ikanikuta nacho.

Nilikwenda nyumbani kwa uchochoro, nimekikumbatia ili maandishi yasionekane. Baba alikuwa nje, mavumbi ya mpingo mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Akakiona. Akaweka patasi chini. "Haa. Kimekuja na wewe?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo tu, jamani. Ningeongeza sentensi moja, hadithi ingeishia hapo. Lakini nilimwona usoni. Alikuwa ameshaelewa kwa namna yake: kibao kizuri, cha shule, amevishwa mtoto wake. Ni zawadi. Hakuna mchongaji anayetia nakshi kitu cha adhabu, sasa kwa nini afikirie vingine? Akanawa, akavaa shati, akanishika mkono, tukazunguka mtaa.

Nimeishi na aibu nyingi tangu hapo, nyingine nimezitafuta mwenyewe, lakini ile ya kutembezwa jioni ile bado inanichoma masikio. Mama mmoja muuza maandazi akapiga kigelegele. Wanaume waliokuwa wanacheza bao wakainuka kumpa baba mkono. Nami shingoni nimeandikwa mjinga, tena kwa mkono wa baba yangu, na natabasamu. Kona ya mwisho ilikuwa duka la Mhindi mmoja, mzee mpole, aliyekuwa amesoma. Baba alinisimamisha mbele ya meza yake. Yule mzee akavaa miwani. Akasoma, akanitazama mie, akasoma tena. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Kazi safi sana, fundi," akasema, akanipa peremende. Sikuweza kuimung'unya. Niliiona huruma machoni mwake, na huruma ile iliniuma zaidi ya vigelegele.

Usiku baba alikiweka kibao karibu na koroboi, akafuatisha herufi kwa kidole. Akakwama juu, akashuka chini, na mstari wa pili mwishoni akalipata neno. "Swa-hi-li," akasema. "Mama, hapa pameandikwa Swahili!" Lilikuwa neno la kwanza nililomsikia akisoma nje ya kitabu cha ngumbaru.

"Ndiyo, baba. Panasema, nasema Kiswahili."

"Si unaona? Lugha ya taifa. Na huku juu?"

"Huku juu ni maneno ya kukazia tu."

"Ya kukazia," akarudia, akaridhika.

Asubuhi nilirudisha kibao na kufagia darasa. Mtihani ukaja, ukapita, na nikachaguliwa, mimi na msichana mmoja wa shule ya jirani, kwenda bweni huko Iringa. Mtaa ukasema ulikuwa umeshajua tangu siku ya kibao. Mwalimu alinipa mkono, akaniambia, "Umeona? Hutakuwa bubu." Kisha akahamishwa, nasi hatukumwona tena.

Wenzetu walinunuliwa masanduku ya bati. Baba alisema la kwangu niliache kwake. Likizo nzima alikuwa akienda Keko kwenye karakana ya rafiki yake seremala, na siku ya mwisho akalileta limefunikwa gunia. Akalivua gunia pale barazani. Sanduku la mninga, bawaba za shaba, limepigwa msasa mpaka laini. Na kwenye kifuniko, kwa herufi ndefu kama kiganja, zimechimbwa ndani kabisa ya ubao, ile mistari miwili. Alikuwa ameitunza karatasi ya mwalimu.

"Ukifika huko wajue umetoka na heshima yako," akasema.

Mama aliniambia nimshukuru baba, nimekuwaje. Nikamshukuru. Usiku kucha nikawa najipanga: nitamwambia alfajiri. Alfajiri ikafika, akalibeba sanduku kichwani mwenyewe, akikataa kusaidiwa, na mie nyuma nikitazama kisogo chake. Nikasema nitamwambia kituoni. Mdomo mzito, ndugu zangu, ni mzigo kuliko sanduku.

Kituoni, kwenye basi la kwenda bara, tulimkuta baba wa yule msichana mwingine, mtu wa ofisini, suti ya mikono mifupi, kalamu mfukoni. Utingo alikuwa anapandisha mizigo juu. Yule bwana akainama kusoma kifuniko, akacheka, si kwa ubaya, kicheko kilimtoka tu.

"Fundi, aliyekuagiza hii kakuchezea. Unajua umeandika nini? Mimi ni mjinga."

Watu wakageuka. Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mie.

"Ndivyo?"

Nikainamisha uso.

"Na ulipokuja nacho shingoni. Ulijua?"

"Nilijua, baba."

Sikumwona akikasirika. Ningefurahi kama angenizaba kofi mbele ya abiria wote. Alichuchumaa, akafungua kifurushi cha patasi alichokuja nacho kwa ajili ya bawaba, maana moja ilikuwa inagoma. Akasema polepole, kwa sauti ile ile ya kuuliza herufi za ngumbaru:

"Nionyeshe lile neno la kukazia."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa juu. Akakisogeza pembeni kwa mkono wake ili asikikate. Kisha akaanza kuchonga. Utingo alipiga kelele kwamba gari linaondoka, yule bwana wa ofisini akamwambia angoje, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Baba aliuparua mstari wote mpaka pakabaki bonde jeupe kwenye mninga mwekundu. Akapuliza unga wa mbao.

"Hili lililobaki ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Haya. Kapande."

Basi lilipoanza kutembea nilitoa kichwa dirishani. Alikuwa ameinama, anaokota vipande vya mbao ardhini, kimoja kimoja.

Niliandika barua wiki ya kwanza. Nilitumia maneno mafupi, herufi kubwa, nikaacha nafasi pana kati ya neno na neno ili asisumbuke. Nikamwomba radhi humo, jambo ambalo mdomo ulishindwa. Majibu yalikuja kwa mwandiko mzuri wa mtu mwingine, baba ananisalimu, nisome kwa bidii. Nikadhani anaona haya mwandiko wake.

Nilipofunga shule nilimkuta uani na mpingo wake. Tukasalimiana vizuri. Jioni, saa ya ngumbaru ilipofika, nikamwona haondoki. Nilimfuata mama jikoni nikamuuliza. Akageuza chapati, akasema baba aliacha siku ile ile niliyosafiri, na daftari lake alilichoma pamoja na vile vipande vya mbao.

"Na barua zangu?"

"Anasomewa na yule mzee wa dukani," mama akasema. "Anasema yule, siku ya kibao, alisifu kazi tu, hakusifu maneno. Hamfichi kitu."