Siku Nyanya Alipowaimbia Wageni

Krismasi iliyopita niliwapeleka wanangu Kibirichia wapumzike na kelele za mji. Hata mizigo haijashuka, kitinda mimba akaanza: "Mama, huku ni baridi kama ndani ya friji!" Kwani alidhani mlima uko wapi? Nilimcheka, lakini jikoni mtu alikuwa anaponda mukimo, na ile harufu ya viazi na majani ya malenge ilinirudisha utotoni mzima mzima.

Sisi watoto wa Kaaga, kule mjini, shule zikifungwa, tulipandishwa huku Kibirichia kwa nyanya. Aki tulifurahi! Asubuhi tulivuna viazi hadi vidole vikafa ganzi, kisha tukaokota vingine majivuni, vya moto, tukivirusha toka kiganja hiki hadi kile. Uji wa wimbi ulichachia kibuyuni, mkali wa kukufumba macho. Nyanya alisema asiyeweza kuunywa arudi mjini akanywe soda, na hakuwa anatania.

Desemba moja shangazi yangu, mtoto wa mwisho wa nyanya, alikuwa anaposwa na watu wa Embu. Kwetu wageni wa posa hawaingii hivi hivi. Lango linafungwa, wanawake wa boma wanasimama ndani, wa wageni nje, na wanaimbiana. Wa nje wanaomba, wa ndani wanawabana. Wageni wasipojua kujibu, hawafunguliwi.

Basi wakafika, ukungu umeshuka, manyunyu yameanza. Walikuwa wafanyakazi wa mjini, viatu vinang'aa. Mama mzazi wa kijana aliyekuja kuposa, ambaye ndiye angeongoza nyimbo, alikuwa anaumwa miguu, amebaki nyumbani. Wetu wakaimba: hapa maji tunayo, je, ninyi mna mtungi? Wageni wakanong'onezana, kisha wakaanza wimbo wa kwaya.

"Huo ni wa Jumapili!" jirani yetu akawajibu. Yeye ndiye aliyeshika komeo, na alikuwa mgumu huyo mama, usiseme. Kijana mmoja akafungulia redio ya gari ili iwaimbie. Hapo ndipo wanawake wetu walipokasirika kweli. Ati redio ije kuoa?

Mvua ikazidi. Tukasikia milango ya magari ikifungwa, mmoja baada ya mwingine. Ndani, shangazi alikuwa ameketi juu ya kitanda na nguo yake mpya, analia waziwazi. "Wanarudi kwao, mama. Wanaenda na hawatakuja tena."

Mimi nililia pia, kwa sababu nilimpenda shangazi kuliko mtu yeyote. Nyanya aliweka mwiko chini, akajifunga leso kiunoni, akatokea mlango wa nyuma. Nilimwona akipita zizini, akakata shamba la viazi katikati, tope hadi magotini, akatokea barabarani kwa wageni. Akagonga dirisha la gari la kwanza, akawatoa wote. Kisha akasimama mbele yao, akageukia lango lake mwenyewe, akaimba.

Haki, sauti ile! Mtungi tunao, aliimba, na haujawahi kuvuja, tupeni mchotaji. Wageni wakaitikia kwa kubahatisha tu. Wanawake wetu wakaitambua sauti, wakaangua kicheko, lakini jirani hakulegeza. "Huyo leo ni mgeni kama wengine," akasema, "aimbe!" Akamwimbisha hadi akaridhika, nyanya analowa mvua nje ya boma lake. Lango lilipofunguliwa, yeye ndiye aliyeingia wa kwanza, akicheza, na watu wa Embu nyuma yake.

Nyanya hayupo tena. Lango sasa ni la chuma, wageni wakipiga honi tunafungua. Uji tunanunua wa pakiti dukani, na ule wa kibuyu sijauonja miaka. Nasikitika, sikufichi.

Lakini mwaka huu binti yangu mkubwa ana mchumba, na watu wake wanakuja Agosti. Binti alitaka tukodishe DJ. Shangazi, sasa mwenyewe ni nyanya, Shosho kwa wanangu, alipanda kutoka Embu siku ile ile aliposikia hilo neno. Ametuketisha jikoni Kibirichia, anatufundisha nyimbo za lango, za upande wa ndani, mstari kwa mstari, na anatukemea kama watoto wa nasari.

Jana binti yangu alimwuliza, "Shosho, siku ile ulipomsikia mama yako akiimba na wageni, hukuona ni kama anakufukuza?"

Shangazi alifikiri kidogo. "Nilikuwa naogopa kwenda kwa watu nisiowajua," akasema. "Nikasikia sauti ya mama inatoka upande wao. Nikajua huko ninakoenda, mama ameshatangulia."

Mimi nilisubiri watu watoke, nikamwomba shangazi anifundishe na sehemu ya wageni.