Mstari wa Mtani Wangu

Mimi na mtani wangu tunatengeneza mabasi madogo ya plastiki, ya kuwekwa kabatini, na kuyapaka rangi za mabasi yanayopita Korogwe. Mimi Mzigua wa Handeni, yeye Msambaa wa Bungu. Bomba langu la kupulizia rangi nililichagua kwa haraka, la kwanza nililoliona dukani. Yeye alisubiri mpaka akapata lenye sindano nyembamba kama unywele. Tangu hapo mabasi yake yakawa yanang'aa, yangu kama yamerushiwa matope. Kila nilipopita kwake Kilole, roho iliniuma.

Siku moja nikalibeba bomba lake, mwenyewe akiniangalia. Kwa watani huo si wizi, na anayekasirika ndiye anayechekwa. Alicheka tu, mshenzi yule.

Siku ya kwanza lilipuliza vizuri. Ya pili likaziba. Akaja, akalichungulia.

"Mzigua wewe! Umelilaza na rangi tumboni!"

Akaichomoa sindano, akaiosha kwa thina, akaifuta polepole kama anamfuta mtoto pua. Kisha, kulijaribu tu, akapiga mstari mmoja mwekundu ubavuni mwa basi langu. Akaondoka, bomba akaniachia.

Ninalo mpaka leo, na naliosha kila nikimaliza kazi. Basi lile liko sebuleni. Kila mgeni analisifu, halafu anaweka kidole palepale.

"Huu mstari umeupigaje?"

"Mazoezi," namjibu, huku nimeuma meno.