Kamba ya Mbuzi Mbele ya Wapiga Kura

Hata leo nikipita sokoni Butembo, mtu akaniita "Honorable, mbuzi yako iko wapi?", najifanya natafuta simu mfukoni, kwa hiyo acheni niwaeleze mwenyewe kabla wengine hawajaongeza chumvi.

Mnajua baba aliniachia kilima kule njia ya Kasugho pamoja na cheo chake cha mwenye kilima. Kwetu anayelima udongo wako hukuletea mbuzi mmoja kila mwaka mbele ya mashahidi. Karatasi hakuna, mbuzi ndiye karatasi. Papa Kambale, mzee anayelima upande wa chini, hakukosa hata mwaka mmoja, na mimi nilimjibu kama baba alivyokuwa akijibu: "Nimepokea. Endelea kulima, sitakufukuza."

Basi nikagombea udeputé, ubunge wa jimbo (nani alinituma? hakuna, kichwa changu tu). Siku ya mkutano, palepale kilimani, pasta akaomba, nikahutubia weee kuhusu barabara mpaka watu wakaanza kupiga miayo, nikaona donc, basi, lazima niwaamshe. Nilikuwa nimekuja na mbuzi wa kupikia watu baada ya hotuba. Angepelekwa jikoni kimya kimya, leo ningekuwa na heshima yangu. Lakini nilitaka waone nisivyo na choyo, nikamwita Papa Kambale mbele, nikamkabidhi kamba kwa mikono miwili, tena nikainama (hiyo ya kuinama sijui ilitoka wapi).

Mke wangu akajishika mdomo. Mzee akaitazama kamba, akanitazama, akakohoa.

"Nimepokea. Endelea kulima, mutoto yangu, sitakufukuza."

Ee! Watu walicheka mpaka pasta akaficha uso nyuma ya Biblia. Nikapiga kelele kwenye micro, "Hapana! Hii mbuzi ni ya kula!" Mama mmoja akajibu, "Lakini batu bote tumeona! Tuko bashahidi!" Nikaivuta kamba, mbuzi akavuta upande wa mzee, nikaanguka magoti mawili chini, sasa nikawa kabisa kama mtu anayeomba shamba. Nilicheka nao, lakini nilikuwa na hofu ya kweli: kilima cha baba nimekitoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Kura zenyewe msiniulize.

Baada ya mavuno Papa Kambale akafika kwangu na mbuzi yuleyule, amenenepa, na mashahidi wawili nyuma yake.

"Nilikutania mbele ya batu, na mbuzi narudisha mbele ya batu," akasema. "Udongo ni ya baba yako."

Machozi yalinitoka, sifichi. Nikasema "Nimepokea" kwa sauti ndogo, kisha ujinga ukanirudia, nikauliza, "Papa, donc kura ulinipatia?"

"Kura? Hapana," akasema, akishangaa kweli. "Kura haikuwa ya baba yako."

Sigombei tena. Na mbuzi wa kula, siku hizi namtuma moja kwa moja jikoni, kwa mlango wa nyuma.