Filamu ya Mtu Aliyevaa Jina la Marehemu

Harufu ya mawese yanayochemka hunirudisha kwenye ukumbi wa misheni, Rumonge, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili filamu ionekane. Nilikuwa binti mdogo, nimeegemea shati la mjomba lililonuka mafuta ya kazini. Baba alikuwa amefariki kwa homa. Mjomba alikuwa anatafutwa na askari, kwa hiyo alitembea na karangamuntu ya baba, kitambulisho chake, akijifanya ndiye yeye. Mama ndiye aliyetutuma kwenye filamu; alisema tusipoonekana hadharani kama wengine, watu watauliza.

Kwenye kitambaa cheupe, mgeni aliingia nyumba ya marehemu, akavaa koti lake, akaitikia jina lake. Mtoto wa nyumba akamnyooshea kidole. Mkono wa mjomba ukalowa jasho mkononi mwangu.

Tulipotoka, mlangoni askari aliisoma ile karangamuntu, kisha akaniinamia.

“We mutoto, huyu ni nani?”

“Ni papa,” nikasema.

“Haya, muende.”

Njiani mjomba aliniambia, “Murakoze,” kwa sauti ya kumshukuru mtu mzima. Nilihisi nimemzika baba mara ya pili. Nikaketi chini; mjomba akanibeba mgongoni mpaka nyumbani.